Cheti cha Kutosikia cha Fundi Mbaruku

Palikuwa na nchi moja, wala msiniulize iko upande gani, maana nikinyoosha kidole nitaonekana ninamwonyesha mtu. Jina lake lilibadilishwa mara nyingi kiasi kwamba wachoraji wa ramani waliamua kuacha nafasi tupu. Ilikuwa nchi nzuri, yenye barabara moja ya lami iliyotoka ikulu na kurudi ikulu, na raia wake walisifika kwa jambo moja: walikuwa hawasikii. Si kwamba walizaliwa viziwi, la. Walijifunza, na serikali ikawasaidia. Shuleni watoto walifanyiwa mtihani wa Kutosikia. Mwalimu aliangusha sufuria nyuma ya darasa, na aliyegeuza shingo alirudia mwaka. Kila mwaka kulikuwa na Siku ya Masikio, ambapo Mtukufu Mlezi wa Taifa alihutubia saa sita mfululizo, na mwishoni wananchi waliapa kwamba hawakusikia lolote baya. Hapo walisema kweli tupu, kwa sababu vipaza sauti vilikuwa vimeshaibwa na kamati ya maandalizi.

Sasa, kama mjuavyo, mtu muungwana akifika mlangoni hupiga hodi mara tatu, na asipoitikiwa hurudi alikotoka. Ni desturi ya tangu na tangu, haina ubaya na mtu. Serikali ya nchi ile iliipenda desturi hiyo hata ikaitungia sheria ya kurasa themanini. Sheria ilisema hodi ya kwanza ni ya salamu, ya pili ni ya ukumbusho, na ya tatu ndiyo hodi kamili mbele ya dola. Mwenye nyumba halazimiki kuitikia kabla ya hiyo ya tatu. Basi mtu alipokimbilia mlango wa ndugu yake huku gari la kijani likimfuata, askari wa gari lile, ambao walifundishwa kuhesabu mpaka mbili na wakaachia masomo hapo, walimchukua baada ya hodi ya pili. Kwa mpango huo hakuna mwenye nyumba aliyevunja sheria na hakuna jirani aliyelaumiwa. Mimi nauona ni mpango wa huruma. Anayeuona vingine aseme kwa sauti, tuandike jina lake.

Katika nchi hiyo aliishi fundi cherehani aitwaye Mbaruku, mtu wa makamo, mpole, mwenye nyumba ya vyumba viwili, cha mbele akishonea na cha nyuma akilala. Yeye ndiye aliyeuguliwa na sikio.

Lilianza kwa kuziba tu, sikio la kushoto, hivi hivi linavyoziba ukioga maji yakakuingia. Mbaruku akaruka kwa mguu mmoja, akapiga-piga kichwa, hayakutoka maji. Akachukua njiti ya kiberiti akachokoa. Ikatoka nta kidogo, rangi ya kahawia, akafurahi, akaendelea kuchokoa, na kile kilichobaki akakisukuma ndani kabisa bila kujua. Kesho yake akajaribu unyoya wa kuku. Siku ya tatu akajaribu ufunguo wa kabati, na hapo maumivu yakamshika kutoka sikioni hadi kwenye taya, akala uji juma zima.

Maumivu angeyavumilia. Mtu mzima huvumilia. Lililomshinda ni kwamba sikio lenyewe, baada ya kuziba lisipokee kitu kutoka nje, lilianza kusema kutoka ndani. Kila cherehani iliponyamaza, sauti ilikuja humo, si ya juu, sauti ya mtu aliyekimbia na sasa anajikaza apumue kwa adabu.

"Hodi."

Kimya cha kiasi.

"Hodi."

Halafu basi. Mbaruku alikaa mguu wake ukining'inia juu ya kanyagio, shati la mteja mkononi, akingoja ya tatu. Haikuja. Alingoja mpaka jasho likamtoka kwapani. Alijua ni sauti ya nani, na aliogopa. Nasema aliogopa kwa sababu hakuna neno jingine. Akakanyaga cherehani kwa nguvu ili kelele zimfunike, akashona mishono isiyo na haja, na mguu ulipochoka tu, sauti ikarudi tena kwa upole uleule.

Miaka miwili kabla ya hapo Mbaruku alikuwa na mdogo wake, Shauri, mwalimu wa shule ya msingi. Shauri alisimama kwenye mkutano wa hadhara akauliza kwa nini Wizara ya Maji inanunua maji ya kunywa kutoka nchi jirani. Kuuliza hakukuwa kosa, nchi ile haikuwa ya kikatili kiasi hicho. Kosa ni kwamba watu waligeuka kumtazama, ikadhihirika wamesikia, na mkutano mzima ukapoteza alama zake. Siku ya nne baada ya mkutano, saa kumi kasorobo alasiri, Shauri alifika mbio mlangoni kwa kaka yake. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa kwa komeo. Mbaruku alikuwa anashona pindo la kanzu. Alisikia hodi. Alisikia hodi ya pili. Kisha alisikia magurudumu kwenye kokoto, na mlango wa gari, na kokoto tena.

Jioni ile wakaja maofisa wawili wenye adabu, wakampa pole, wakampa Fomu ya Kutosikia. Palikuwa na mstari mmoja wa kujaza sababu. Mbaruku akaandika kwamba sikio lake la kushoto ni bovu, na kwamba anaposhona, sikio hilo ndilo linaloelekea mlangoni. Maofisa wakasifu mwandiko wake. Baada ya mwezi akaletewa Cheti cha Kutosikia, Daraja la Kwanza, kikiwa kimeshawekwa kwenye fremu, na akapewa kazi ya kushona mapazia ya wizara zote, mapazia mazito ya tabaka mbili yasiyopitisha sauti.

Sasa niwaeleze habari za Tunu, mke wa Shauri. Huyu hakuwa mjane, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha maiti, na hakuwa mwenye mume, kwa sababu hakuna aliyemwonyesha mume. Daftari la serikali lilimwandika "Anayesubiri", cheo kilichompa haki ya kukaa kwenye benchi lolote la ofisi yoyote. Kwa miaka miwili alifuatilia jalada la mumewe. Lilikuwa jalada jembamba, lina karatasi moja tu, na karatasi yenyewe ni ile fomu ya Mbaruku. Katika nchi nzima, karatasi hiyo ndiyo pekee iliyokiri kwamba mtu aitwaye Shauri alikuwapo siku ile, saa ile, mahali pale: "Saa kumi kasorobo mdogo wangu Shauri alibisha mlangoni pangu, nami sikumsikia." Tunu aliishika sana karatasi hiyo. Maadamu ilikuwapo, dola ilikuwa na mtu wa kumtolea maelezo. Isingekuwapo, Shauri angekuwa hewa.

Aliposikia sikio la shemeji yake limezidi, akawa anakuja kila siku mchana na kibakuli cha mafuta ya nazi ya uvuguvugu.

"Laza kichwa, shemeji," alisema, akikaa kwenye kigoda nyuma yake. "Hivyo. Usitikisike."

Matone yalishuka moja moja. Tunu alilisugua sikio kwa kidole cha shahada, taratibu, kwa huruma ambayo Mbaruku hakujua aifiche wapi.

"Mimi simlaumu mtu," Tunu akasema siku moja. "Watu huniuliza, mbona humchukii Mbaruku, mumeo alifia mlangoni kwake. Nawaambia kwanza hajafa. Pili, mtu utamchukiaje kwa ugonjwa? Ninalolilaumu ni hili." Akaligusa sikio. "Lingekuwa zima siku ile, saa hizi Shauri yuko hapa anakula na kulalamika chumvi."

Mbaruku aliuma pindo la kitambaa.

"Linauma sana?"

"Linauma, shemeji."

"Pole. Twende hospitali."

"Litapoa lenyewe."

Hakutaka hospitali, na ninyi mnajua kwa nini. Daktari angemulika. Daktari angesema limeziba lini. Basi akavumilia, na sikio likavimba, likaanza kutoa maji yenye harufu. Kizunguzungu kikamwingia, akashona suruali ya waziri ikatoka na miguu mitatu. Waziri aliivaa mwezi mzima bila kugundua, lakini hayo ni ya waziri. Mbaruku alipoanguka chini kando ya cherehani yake, Tunu hakumuuliza tena. Alimshika mkono, akamtoa nje.

Hospitali Kuu ya Masikio ilikuwa jengo la fahari, na walioliona kwa mbali walipona baadhi ya magonjwa papo hapo. Lilikuwa na madirisha mawili. Dirisha la masikio ya kushoto lilikuwa mkono wa kulia, kwa kuwa karani huwa anakutazama, na wagonjwa wengi walipotea hapo siku nzima. Tunu, ambaye kwa miaka miwili hakufanya kazi nyingine ila kujua madirisha, alimfikisha moja kwa moja.

Daktari alikuwa mwanamke kijana, Daktari Pendaeli, mgeni kazini, bado hajaharibika. Akamulika sikio kwa kurunzi ndogo.

"Ni nta tu, mzee," akasema. "Imekauka, na wewe umeisukuma kwa vijiti. Tutaingiza maji ya uvuguvugu kwa bomba la sindano, dakika kumi imetoka. Lakini ndani umechubuka, na kidonda kimeanza. Ukikiacha kitakula mpaka mfupa."

Dakika kumi. Mbaruku alitamani kulia kwa furaha. Daktari akaweka beseni, akajaza bomba, akajaribu maji mkononi kama ni ya kiasi. Hapo akaingia Bwana Mchomvu.

Bwana Mchomvu alikuwa Mkaguzi Mkuu wa Umri wa Nta. Msicheke, ni cheo kikubwa, kina gari na mlinzi. Nta ya raia, katika nchi ile, haikutolewa kiholela, kwa sababu nta huonyesha mtu alisikia mpaka lini. Mchomvu akachota chembe kwa kijiti maalumu, akaiweka kwenye kisahani, akaitazama, akainusa, kisha, kama kanuni inavyoelekeza, akaionja kwa ncha ya ulimi. Akafumba macho muda mrefu.

"Miezi miwili," akatangaza. "Isizidi siku tatu juu yake."

Tunu, aliyekuwa amesimama kando ya kiti ameshika mtandio wake, akainua uso.

Mchomvu akafungua jalada la Mbaruku. "Hapa pana tatizo dogo la kiuandishi. Sikio hili limesajiliwa bovu tangu miaka miwili iliyopita, na lina Cheti cha Daraja la Kwanza. Nta yake ni ya miezi miwili." Akajiweka sawa tai yake, akaanza kuongea kwa sauti ya jukwaani ingawa chumba kilikuwa na watu wanne. "Ndugu mwananchi, taifa halina ugomvi na nta yako. Taifa linathamini kila tundu la kila raia wake. Lakini rekodi ya taifa ikisema jambo moja na sikio likasema jambo la pili, ni lipi litii? Sikio ni la mtu mmoja. Rekodi ni yetu sote."

"Linamuuma," daktari akasema.

"Na taifa linaumia pamoja naye. Ndiyo maana tumeweka njia." Akatoa fomu mpya kutoka mkobani. "Hii ni Fomu ya Kutokuja. Utasaini kwamba siku ile, saa kumi kasorobo, hakuna aliyekuja mlangoni kwako. Kama hakuna aliyekuja, hapakuwa na cha kusikia. Kama hapakuwa na cha kusikia, nani atahangaika kuuliza sikio lilikuwa bovu au zima? Ile fomu ya zamani tunaichana, hii tunaiweka mahali pake, daktari anakuosha, unakwenda nyumbani. Cheti kinabaki ukutani."

"Na Shauri?" Tunu akauliza.

"Shauri yupi, mama?"

"Mume wangu."

Mchomvu akapekua jalada kwa heshima. "Huyu ataandikwa alihamia nje kwa hiari yake, bila kuaga. Ni jambo la kawaida. Wengi wamehamia huko. Nasikia pamejaa."

Kalamu ikawekwa mkononi mwa Mbaruku. Maji kwenye bomba yalikuwa bado ya uvuguvugu. Maumivu yalikuwa yamefika jichoni, na mkono wake mwenyewe ulikuwa unataka kusaini. Hilo lazima niliseme, mkono ulitaka.

"Shemeji," Tunu akasema. Hakupandisha sauti. "Miezi miwili?"

Mbaruku aliigeuza kalamu mkononi.

"Nimekuwa nikitia mafuta sikio la miezi miwili. Basi siku ile lilikuwaje?"

Ndani ya nta ile hodi ya kwanza ikaja, na ya pili, na Mbaruku akajikuta anaingoja ya tatu mbele ya watu, mdomo wazi.

"Nilisikia," akasema.

Bwana Mchomvu akakohoa. "Hukuulizwa hilo."

"Nilisikia, shemeji. Nilitoa mguu kwenye kanyagio ili nisikie vizuri. Alipiga mara mbili. Nilijua ni yeye, nilijua na gari. Nikajiambia ngoja apige ya tatu, sheria inasema ya tatu, akipiga ya tatu nitafungua. Nilikuwa nahesabu. Wallahi nilikuwa namngoja."

Tunu alimtazama. Hakulia, na Mbaruku angependa alie.

"Shauri alianza lini kupiga hodi kwako?" akauliza. "Wewe umewahi kumsikia akipiga hodi kwako maishani mwake? Si alikuwa akiingia tu, unashtukia ameshakaa, ameshika kikombe chako, anakunywa chai yako? Mlango wako haufungwi komeo mchana, Mbaruku. Angeusukuma angeingia. Alisimama nje kwa sababu ya lile gari. Hakutaka kukuletea balaa ndani bila kukuuliza. Alikuwa anakuomba ruhusa."

Daktari Pendaeli alikuwa anatazama sakafu. Mbaruku hakuwa amewahi kuliwaza jambo hilo kwa miaka miwili, wala siku moja, na sasa aliliona lote, mlango na kokoto na mdogo wake amesimama nje na adabu zake.

"Nipe fomu ya kusikia," akamwambia Mchomvu.

"Fomu gani?"

"Ya mtu aliyesikia."

Mchomvu alifungua mkoba. Alifungua kabati la ukutani, akatuma mlinzi wake kwenye ghala. Ilipatikana Fomu ya Kutosikia, ya Kutoona, ya Kutokumbuka, ya Kutokuwapo, na moja ya kijani ya raia asiyejua kusoma fomu. Ya kusikia haikuwahi kuchapishwa. Hakuna aliyewahi kuiomba. Mbaruku akaigeuza Fomu ya Kutokuja, akaandika mgongoni mwake kwa mwandiko wake mzuri: "Saa kumi kasorobo mdogo wangu Shauri alikuwa mlangoni pangu. Alipiga hodi mara mbili. Nilimsikia, sikufungua. Alichukuliwa na gari la kijani." Akasaini, akaisukuma mezani.

Bwana Mchomvu aliitazama karatasi kana kwamba imemtemea mate. Lakini fomu ilikuwa na namba, na fomu yenye namba ikishasainiwa ni lazima igongwe muhuri, kurasa zote mbili, kanuni haisemi imeandikwa nini. Alitafuta kanuni ya kumwokoa, hakuipata. Akagonga muhuri mbele, akageuza, akagonga nyuma. Karatasi ikaingia kwenye jalada la Shauri, ikawa ya pili.

Kisha akapata nafuu, maana alikumbuka kitu.

"Daktari, rudisha bomba."

"Kwa nini?"

"Mtu aliyesikia ana sikio zima. Imeandikwa hapa na imegongwa muhuri. Sikio zima halisafishwi, ni ubadhirifu wa maji ya umma." Akamgeukia Mbaruku, uso umerudi kuwa mkunjufu. "Cheti chetu tutakifuata nyumbani. Gari litapita."

"Gari gani?" Mbaruku akauliza.

"Gari tu."

Daktari Pendaeli alikaa na bomba mkononi mpaka maji yakapoa. Mwishowe akayamwaga kwenye beseni, na mlinzi akafungua mlango.

Walitoka nje, jua bado ni kali. Wakati wa kuja, Tunu alikuwa ametembea mkono wa kulia wa Mbaruku, upande wa sikio zima, akimwambia hapa pana shimo, hapa pana ngazi. Sasa alimpisha atangulie hatua mbili, kisha akazunguka nyuma yake akatokea kushoto. Akaanza kusema, kwa sauti ya chini.

Alisema tangu lango la hospitali mpaka sokoni, na kutoka sokoni mpaka kwenye kokoto za mlangoni. Mbaruku aliuona mdomo wake kwa pembe ya jicho. Mara uliongea haraka, mara ulitulia, na kuna mahali ulitetemeka, akapangusa uso kwa mtandio na kuendelea. Huenda alikuwa anamsamehe. Huenda alikuwa anamwapiza, au anamwambia akimbie kabla gari halijapita. Humo sikioni palikuwa na ile sauti nyingine tu, mara ya kwanza na ya pili. Kila Tunu alipotua, Mbaruku aliitikia kwa kichwa, ndiyo, ndiyo, kwa sababu hakuthubutu kumwambia shemeji yake kwamba hakusikia.